Soko la Kibuye, Kisumu: Je, linafaa kwa manunuzi ya wiki ya familia ndogo?

Kibuye, soko la wazi lililo kando ya barabara ya Jomo Kenyatta kati ya mjini na Kondele, huuza siku zote, lakini Jumapili ndiyo Kibuye yenyewe. Siku hiyo mizigo hushuka kutoka Vihiga, Kisii, Nandi, Ahero na Siaya, na mtu anaweza kununua mahindi, mlango wa nyumba na koti la mtumba bila kutoka nje ya soko. Hapa tunaangalia chakula tu. Baba, mama na watoto wawili wakifanya Kibuye kuwa duka lao la wiki, pesa inabaki kweli, ama faida yote inaishia kwa boda na kwa nyanya zilizooza Jumatano?

Inabaki, ila kwa vitu vinavyokaa. Kwa visivyokaa, Kibuye hukutia hasara polepole bila wewe kujua. Nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu inategemea mvua.

Gorogoro si kilo mbili

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Karibu nafaka zote sokoni hupimwa kwa gorogoro, na ndogo yake ni kasuku. Asili ya gorogoro ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Mafuta hulijaza kopo bila kuacha nafasi, lakini punje za mahindi huacha mianya katikati yake, kwa hiyo kopo hilo hilo likijazwa mahindi hadi ukingoni halifiki kilo mbili. Kinachofidia ni kichuguu cha juu. Muuzaji anayepitisha kiganja juu ya kopo kusawazisha amekupunja hata kama kopo lake ni zima, na yule anayerundika mpaka punje zikamwagika pembeni amekupa haki yako tu. Nyongeza ni ile konzi anayotia kwenye mfuko baada ya hapo, nayo huombwa: "Mama, niongezee." Usipoomba hupewi.

Kisha kuna makopo yaliyotengenezwa kwa hila. Mengine kitako kimebondwa kikaingia ndani. Mengine mdomo umebanwa mpaka umekuwa kama yai, na kichuguu hakikai. Kabla hajaanza kupima, omba kopo, ligeuze, tazama kitako, kisha tia mkono ndani uguse chini. Muuzaji mwaminifu hakasiriki, amezoea. Tazama pia mkono unaochota: akimimina taratibu kwa kisahani, punje hulala ovyo na mianya huwa mikubwa. Mwambie alitikise kopo mara mbili kabla ya kurundika. Mahindi yatashuka kama upana wa kidole, na huo upana wa kidole ni ugali wa mtoto mmoja.

Dawa ya haya yote ni mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Pima gorogoro moja, gawanya bei kwa uzito, ndipo ulinganishe. Tuseme wa kwanza anauza Sh120 na gorogoro yake inafika kilo 1.9, wa pili anauza Sh110 lakini yake ni kilo 1.6. Wa kwanza ni kama Sh63 kwa kilo, wa pili karibu Sh69. Wanunuzi wengi humkimbilia wa pili.

Mafungu yana ujanja wake. Fungu la nyanya hupangwa zile nyekundu zinazong'aa mbele, na zilizopasuka hulala chini au upande wa muuzaji. Zunguka ulitazame fungu kwa nyuma. Ukiruhusiwa kuchagua mwenyewe, kubali hata kama bei imepanda shilingi tano. Ukikataliwa, nenda meza inayofuata; Kibuye haikosi nyanya.

Mahindi, mchele na maharage

Hapa ndipo Kibuye inapostahili nyota zake. Familia ya watu wanne hutumia kama gramu 500 hadi 600 za unga kwa ugali mmoja wa jioni, yaani karibu kilo nne kwa wiki. Gorogoro mbili za mahindi na gharama ya kusaga huwa chini ya bei ya pakiti mbili za unga za kilo mbili, hasa kuanzia Oktoba hadi Januari mavuno ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yakiwa sokoni. Mwezi wa tano na wa sita pengo hilo hupungua sana, na ukiongeza nauli pakiti ya dukani inaweza kushinda. Piga hesabu upya kila msimu, usishikilie mazoea.

Shida ya mahindi ya soko ni unyevu. Kiwango kinachokubalika Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa aflatoksini, sumu isiyotoka kwa kupika wala kwa kuosha. Sokoni, ng'ata punje: kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Kipimo cha uhakika zaidi ni cha nyumbani. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kiasi cha konzi moja, ongeza mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayo hayajakauka vya kutosha. Chumvi ikianguka chini, ni makavu. Kwa muuzaji usiyemjua, chukua kasuku moja kwanza na ufanye kipimo hicho kabla ya kumpa oda ya debe. Na kabla ya kupeleka mahindi kwenye kinu, toa punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye vumbi la kijani, maana zikishasagwa huwezi kuzitoa tena.

Saga ya wiki mbili, si ya mwezi. Unga wa kinu hubaki na kiini cha punje, kiini kina mafuta, na kwa joto la Kisumu mafuta hayo huchacha. Unga ukianza kuuma ulimi na kunuka kama mafuta ya zamani, ndio huo.

Mchele wa Ahero unatoka karibu mno kiasi kwamba kununua mchele wa mbali bila sababu ni kulipia lori. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza mwaka 1969 na mchele wake bado ndio unaojaza meza za Kibuye. Ni mtamu, unanata kidogo, unafaa kwa mboga ya mchuzi. Wa pilau ya wageni tafuta aina ya harufu. Ukaguzi ni mmoja: chota konzi, mimina kiganja hadi kiganja mara tatu, halafu tazama kinachobaki. Unga mweupe mwingi ni dalili ya mchele uliovunjika. Mchanga na changarawe ni dalili ya mpunga ulioanikwa chini. Mchele wenye changarawe hata ukiwa nafuu kwa Sh20 utakugharimu jino.

Maharage yanahitaji jicho. Ya zamani huwa yamefifia rangi na ngozi yake imekunjamana, na hayo huchukua muda mrefu jikoni, kwa hiyo ulichookoa kwenye bei unakilipa kwa makaa au gesi. Mabaya zaidi ni mchanganyiko wa ya zamani na ya msimu huu: nusu ya sufuria inapondeka, nusu inagonga kama kokoto. Ponya moja ni kununua aina moja yenye rangi moja, yaani nyayo tupu au ya manjano tupu. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale hupunguza muda wa moto. Gorogoro moja inatosha familia hii kwa wiki mbili ikiwa maharage yanapikwa mara mbili kwa wiki.

Mboga: zipi Jumapili, zipi kwa mama mboga

Nyanya zinunuliwe kwa hatua. Theluthi ziwe zimeiva za Jumapili na Jumatatu, zilizobaki ziwe nusu mbivu, zile zenye rangi ya chungwa karibu na kikonyo. Zipange nyumbani safu moja, kikonyo kikiangalia chini, mahali penye hewa na bila kuziosha. Maji ndiyo huanzisha uozo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na kwa nyanya hilo limesaidia bila kukusudia: kwenye kikapu zinapumua.

Kitunguu bonyeza shingo. Shingo ngumu na nyembamba iliyokauka itakaa hata wiki tatu. Laini itaoza kutoka ndani ukidhani ni kizima. Kabichi chagua kwa uzito mkononi, si kwa ukubwa.

Viazi vingi vinavyofika huku kutoka Molo na sehemu za Mau ni shangi. Shangi hupikika haraka na ni tamu kwa chipsi na mukimo, lakini haina subira: huchipua mapema kuliko aina nyingi, na kwa joto la Kisumu ndiyo kabisa. Nunua ya wiki moja tu, iweke gizani, na ile iliyokatwa na jembe ipikwe kwanza. Kiazi chenye kijani kibichi kwenye ngozi kina sumu inayoleta uchungu mdomoni na kuumwa tumbo. Kikiwa kijani kidogo kata sehemu hiyo kwa kina, kikiwa kijani chote tupa.

Mboga za majani ni hadithi nyingine, na hapa wengi watabisha. Sukuma, kunde, mrenda, managu na saga ni rahisi sana Kibuye Jumapili, lakini nunua za siku mbili tu. Majani hupoteza maji tangu yachumwe, na ya Jumapili yakifika Jumatano yamekuwa manjano, unatupa nusu. Ukitupa nusu, umelipa bei mara mbili. Zaidi ya hayo, fungu la managu lina mashina mengi, na mrenda pia. Ukishachambua, kinachoingia kwenye sufuria ni kidogo kuliko ulichobeba. Sukuma ya Sh20 kwa mama mboga wa mtaani, iliyochumwa asubuhi na pengine amekukatia bure, ni hesabu bora kuanzia Jumanne mpaka Jumamosi. Mama mboga pia hukukopesha siku pesa imechelewa, jambo ambalo Kibuye haiwezi.

Omena na samaki

Bei ya omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hufuata mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta omena kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, meza za Kibuye zinapungua na bei inapanda. Mnunuzi mwenye akili hununua ya wiki mbili katikati ya kipindi cha giza. Juu ya hilo kuna msimu wa kufungwa, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ambapo uvuvi wa omena ziwani huzuiwa ili waongezeke. Wakati huo tarajia bei ya juu na mzigo wa zamani.

Omena nzuri inameta kama fedha, mwili umenyooka, na ukiivunja inalia. Ya rangi ya kahawia iliyokunjika ilinyeshewa wakati wa kuanikwa. Sugua kidogo kiganjani: mchanga ukibaki, ilianikwa chini badala ya kwenye wavu ulioinuliwa, na utaiosha maji matatu kabla haijalika. Pima kwa mizani kama nafaka, kwa kuwa omena ni nyepesi na kasuku moja inaweza kuwa na hewa nyingi kuliko samaki.

Ngege (tilapia) na mbuta (sangara) wabichi nunua mwisho kabisa, ukiwa unaelekea nyumbani, na upike siku hiyo. Macho yawe angavu na yametuna, matamvua mekundu, nyama ikibonyezwa irudi. Kuna pia samaki wa barafu kutoka nje, wa ukubwa mmoja kama waliotoka kiwandani. Si wabaya kwa lazima, lakini wasiuzwe kwa bei ya samaki wa ziwa, na wakishayeyuka jua likiwa kali wasirudishwe tena kwenye friji. Kwa bajeti iliyobana, mgongo wazi uliokaangwa, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, hutoa mchuzi mzuri kwa pesa kidogo. Nyama yake ni ya kukwangua, watoto wadogo wasimamiwe kwa ajili ya mifupa.

Mgawo wa pesa

Chukua Sh3,700 kwa wiki. Bei zitapanda na kushuka, cha kushika ni mgawo. Kibuye ipewe Sh2,000: mahindi na kusaga 300, mchele kilo mbili 300, maharage 200, nyanya, vitunguu, viazi na kabichi 500, omena na samaki 450, matunda 150, nauli 100. Wiki usiyonunua maharage, ile 200 iende kwa omena ya akiba kama mwezi uko gizani, au kwa nusu kilo ya nyama ukiongezea kidogo.

Supamaketi ipewe Sh750 kwa sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai, nusu trei ya mayai na sabuni. Vitu hivi uzito wake umeandikwa kwenye pakiti, havihitaji mabishano, na siku za ofa hushuka kuliko sokoni. Jihadhari na kadogo ya kibandani. Pakiti ya gramu 50 kwa Sh15 ni Sh300 kwa kilo, hata kama kumi na tano inaonekana si pesa. Mafuta ya kupimiwa ya Sh20 kila jioni ni hivyo hivyo. Kwa wiki umelipa Sh140 na pengine hujafikisha nusu lita.

Sh950 zilizobaki ni za kila siku: maziwa Sh70 mara saba ni 490, mboga za majani 200, mikate miwili 140, na 120 ya dharura. Hizi zikae mbali na zile nyingine. Kama simu ndiyo pochi yako, zitume kwa namba ya mwenzako Jumapili, kwani zikibaki pamoja na za Kibuye hazitafika Alhamisi.

Ada za M-Pesa nazo ziingie kwenye hesabu. Ukilipa kwa namba ya till hukatwi kitu. Ukituma kwa namba ya muuzaji, au kwa Pochi la Biashara (M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo), hadi Sh100 ni bure, 101 hadi 500 ni Sh7, na hadi 1,000 ni Sh13. Kulipa watu sita Sh150 kila mmoja ni Sh42 hewani, bei ya kabichi. Kutoa kwa wakala kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni Sh29; ukivuka tu 2,500 inaruka hadi Sh52. Toa elfu mbili mara moja, na umwombe wakala noti za mia na hamsini. Asubuhi Kibuye haina chenji, na "ngoja nikutafutie chenji" ndiyo njia ya kupoteza shilingi ishirini kwa heshima.

Saa ya kwenda, na kasoro

Saa moja hadi saa tatu asubuhi kuna uteuzi mzuri. Kuanzia saa kumi jioni bei hushuka, kwa kuwa anayetoka mbali hataki kurudi na mzigo, lakini kilichobaki kimeshikwashikwa na mikono ya soko zima. Nafaka na vitunguu havijali saa. Nyanya na matunda nunua asubuhi. Anza na vizito: nafaka chini ya kikapu, kisha viazi, kabichi, vitunguu, nyanya juu, samaki kwenye chombo chake. Kinyume chake hukupa rojo ya nyanya.

Kasoro ni zile zile za masoko mengi ya wazi. Mvua ikinyesha, njia za katikati huwa tope, mikokoteni inapita bila huruma, na wauzaji wa chini huhamisha mboga haraka haraka, nyingine zikiwa zimelowa. Mboga iliyolowa usiinunue ya kuweka. Simu na pesa viwe mbele, si mfuko wa nyuma.

Nauli ndiyo inayoamua kama Kibuye inakufaa. Wa Manyatta, Migosi na Kondele anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kwa tuktuk. Wa Riat au Otonglo, nauli ya kwenda na kurudi na mzigo ikizidi Sh200, aende kila baada ya wiki mbili kwa nafaka na vitunguu tu, au waungane majirani wanne na kumtuma mmoja. Wakiungana, wachukue gunia la viazi. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, kwa hiyo lile lenye kilemba cha wavu juu, lumbesa, liko nje ya sheria na bei yake hailinganishiki na lolote. Fungueni gunia mbele ya muuzaji, mtazame ya katikati na ya chini, kisha nyumbani mgawane kwa mizani. Tarajieni kilo mbili au tatu za udongo na vilivyokatwa, na hizo zitolewe kwanza kabla ya kugawa, la sivyo jirani wa mwisho kuja kuchukua fungu lake ndiye atakayebeba udongo wa wote.